Heroe wa Kadi

Kila siku saa saba, sahani za githeri zikishaoshwa tu, Cheruto alikimbilia chumba cha kompyuta. Humo angemkuta Muiruri, mwenzake wa Gredi ya Nane, keshajitwalia kiti pekee chenye miguu yote minne. Wawili hao walipenda hesabu kuliko mandazi, na wiki hiyo walikuwa na kazi kubwa.

Shule yao ya Kaptembwo ilikuwa imealikwa kufungua michezo ya kaunti. Watoto wa Gredi ya Nne wangekaa jukwaani kwa safu na kuinua kadi za rangi. Kadi zote pamoja zingechora heroe, yule ndege wa waridi wa Ziwa Nakuru aitwaye pia flamingo. Muiruri alikokotoa picha kwa lugha ya kompyuta iitwayo Octave, akampa Cheruto mfululizo mrefu wa namba za rangi. Cheruto naye, kwa lugha ya Python, akaipangia kila namba kiti chake.

Siku moja kabla ya sherehe, Mwalimu Chelimo alipuliza filimbi ya mazoezi. Kadi zikainuka. Lo! Mguu ulikuwa mahali pa kichwa, mdomo umetawanyika, na shingo haikujulikana ilikopita.

"Gredi ya Nne!" Mwalimu alifoka. "Mmekaa ovyo tena? Basi kesho mtabaki, kwaya ichukue nafasi yenu!"

Kimaiyo, mdogo wake Cheruto, alibubujikwa na machozi. Tangu Jumatatu alikuwa akilala na kadi yake ya waridi chini ya mto. Cheruto alipanda jukwaani, akalinganisha namba ya kadi ya Kimaiyo na ya kiti. Zilikuwa sawa. Akaangalia ya jirani. Sawa pia! Basi watoto hawakukosea; kosa lilitoka kwenye kompyuta.

"Nyamaza bana," Muiruri alinong'ona. "Tutarekebisha polepole. Hakuna mtu atajua ni sisi."

"Na hawa watoto wakose kwenda kwa sababu yetu?"

Aibu ilimchoma Cheruto mashavuni, lakini alishuka akasema, "Samahani, Mwalimu. Watoto wamekaa sawa. Kosa ni letu."

Mwalimu aliangalia saa. "Haya. Irekebisheni kabla ya kengele ya kwenda nyumbani."

Kila mmoja alikagua kazi yake, na ajabu ni kwamba hakuna aliyeona kosa! Mwishowe Cheruto alichukua trei tupu ya mayai na vifuniko vya soda.

"Vipange vile Octave yako inahesabu," alimwambia Muiruri.

Muiruri alianza juu, akateremka hadi chini, kisha akarudi juu kuanza safu wima ya pili.

"Wewe unashuka!" Cheruto alipiga kelele. "Python yangu inaenda kando, kama mtu anasoma kitabu!"

Namba zilikuwa zile zile, ila mmoja alizituma kwa kushuka na mwingine akazipokea kwa kwenda kando. Walicheka hadi Muiruri akaangusha trei. Cheruto aliongeza agizo fupi, Python nayo ikasoma kwa kushuka. Kadi zikagawanywa upya.

Kimaiyo alipokonywa ile ya waridi, akapewa nyeusi. Kesho yake alinuna njia nzima kwenda uwanjani.

Filimbi ilipolia, heroe alisimama wima kwa mguu mmoja, na umati ukalipuka. "Flamingo! Flamingo!" Baadaye Mwalimu alimwonyesha Kimaiyo picha kwenye simu. Kadi nyeusi ilikuwa moja tu, nayo ndiyo jicho.

"Kumbe bila mimi angekuwa kipofu!" Kimaiyo aliruka kwa furaha.

"Wanangu, jana niliwafokea bure. Nisameheni," Mwalimu Chelimo aliwaambia Gredi ya Nne. Kisha akawageukia Cheruto na Muiruri. "Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mngenyamaza, hawa wangeadhibiwa kwa kosa lisilo lao. Na siku nyingine, kabla ya kumpa mwenzako kazi, muulize ataisoma vipi. Kuuliza si ujinga."

"Tumesikia, Mwalimu," walijibu pamoja.

Kimaiyo akainua kadi yake nyeusi juu kabisa. "Na flamingo ameona!"