Moshi Jikoni kwa Cicily

Ta! Kijiti kilivunjika gotini mwa Cicily kabla hakujapambazuka. Kikafuata kingine. Majirani wake karibu na Kanyakine walikuwa bado wamelala, naye mama huyu mzee alikuwa akiwasha moto ili uji wa wimbi uwahi kuiva. Wageni wangepita leo. Walitoka nchi za mbali, wakaanza matembezi ya hisani kule Timau, kijiji kwa kijiji, kuchangisha fedha za wazee wasioweza kufika hospitali. Aliyewaongoza huku kwetu ni mwanawe Cicily, Elphas, mwenyekiti wa matembezi hayo.

Ndugu zangu, mnamjua Elphas. Kanisani hukaa kiti cha mbele. Nyumba yake ya mawe iko upande wa pili wa shamba la kahawa, lakini tangu mguu wa mamake uvimbe hakuwa ameingia jikoni mle. Maji aliletewa na jirani, Kathambi.

"Leo ataingia," Cicily alijiambia, akipangusa vikombe. "Hawezi kunipita akiwa na wageni."

Viatu vikasikika langoni.

"Mwenyekiti, hapa tunaingia?" aliuliza mgeni mmoja, Marit.

"Twendeni tu," Elphas alijibu. "Hapa hakuna mtu."

Cicily akaweka mwiko chini.

"Mbona jikoni kuna moshi?" Marit akauliza.

Kathambi, aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe kando ya njia, akacheka bila furaha. "Muulize mwenyekiti. Labda ni paka anapika!"

Marit akainama, akaingia. Alipouona mguu ule hakutoa kamera. Aliketi chini kwenye gunia, akasema kama mjukuu kwa bibi yake, "Shosho, nimechoka. Naomba uji." Tazameni utu huo: alimheshimu mwenye nyumba kabla ya kumhurumia.

Elphas alisimama mlangoni, kofia mkononi. "Mama, niliona haya. Wangeona vile unaishi."

"Basi ingia uone wewe kwanza," Cicily alimwambia, akimjazia kikombe.

Aliingia. Uji ulipoisha, alimbeba mamake mgongoni hadi barabarani wapate gari la kwenda hospitali, Marit akifuata na fimbo ya mama huyo.

Mafunzo

Wapendwa, msaada unaopita langoni kwa mama yako bila kuingia bado haujaanza safari. Wageni walitoka mbali kuwatafuta wazee wetu. Sisi tunatakiwa kuvuka shamba tu.

Siku chache baadaye, Marit alipokuja jikoni mle kuaga, mguu wa Cicily ulikuwa umefungwa bendeji safi, na Elphas alikuwa akichochea moto. Mama akamshika mgeni mkono, lakini macho yake yalikuwa kwa mwanawe.

"Njooni tena," akasema. "Hata kama hakuna matembezi."