Ramlo Hataki Kimya

Siku zile, asubuhi kwetu Galbet mimi nachota maji, nachemsha chai, halafu namwita Ramlo. Maji yanapatikana. Chai inaiva. Ramlo hasikii.

"Ramlo, njoo umshike mtoto," nasema. Nasema tena.

Redio iko sikioni. Ni ndogo, imefungwa kwa mpira ili betri zisianguke. Betri zikichoka anazianika juani. Anasikiliza habari, nyimbo, hata ule mkwaruzo stesheni ikipotea. Huo mkwaruzo ndio ulionishinda kabisa.

Ramlo ana miaka kumi na minne. Ni mtoto wa mjomba wangu Kerrow. Mwaka wa 1992 wezi wa mifugo walimuua mjomba karibu na Bute, tukamchukua Ramlo. Mama yangu, Khadijo, alitoa amri moja: habari za Bute zisitajwe katika nyumba hii, mtoto asahau. Tukafunga midomo miaka mitano.

Juma moja mambo yalizidi. Mwalimu alimrudisha Ramlo nyumbani kwa kusinzia darasani. Siku hiyohiyo tulimwachia maziwa jikoni, yakaungua, na mtoto wangu akatambaa hadi karibu na makaa. Mama alitoa betri akazitupa chooni.

"Eeddo, nipe," Ramlo alisema. Ndivyo anavyomwita shangazi yake.

"Nikupe nini? Ziko chooni. Zifuate."

Ramlo akaenda kukaa mlangoni pa duka lenye redio. Alirudi magharibi. Kesho yake vilevile, na siku ya tatu vilevile.

"Basi," mama alisema. "Jumamosi lori la Guled linakwenda Bute. Atapanda, akakae na bibi yake. Mimi nimechoka."

Ramlo aliposikia Bute aliziba masikio, akaanza kutetemeka. Mimi pia nilikuwa nimechoka naye. Lakini kutetemeka kule hakukuwa utundu. Nilivaa buibui nikaenda kwa jirani yetu, Sista Qali, muuguzi.

Sista alikuja baada ya sala ya alasiri. Akanywa chai taratibu mpaka mama akakunja uso.

"Khadijo, mmeshamuuliza anasikia nini redio ikizimwa?"

"Asikie nini? Kimya, kama sisi wote."

"Muulize. Asipotaka kujibu, mwache."

Mama akapumua. "Haya. Ramlo, unasikia nini?"

Ramlo aliutazama mkeka. "Kengele za ngamia."

"Ngamia gani?"

"Wa baba. Wezi waliwaswaga. Mimi nilijificha kwenye ua wa miiba. Kengele zikaenda, zikaenda, zikaisha. Kukawa kimya. Nikangoja baba aniite. Hakuita."



"Mtoto aliyeona jambo la kutisha hasahau kwa kukatazwa," Sista alisema. "Mwili unakumbuka. Redio inamfunikia kimya kile. Mkimnyang'anya ghafla, mnamwacha peke yake na siku ile."

"Kwa hiyo atuchomee nyumba na redio sikioni?"

"Sikusema hivyo. Redio iwe na saa zake, mpange pamoja naye. Jikoni isiingie, kitandani isiingie. Lakini kwanza awe na watu wa kuongea nao. Akisema, msikilizeni. Asiposema, msimlazimishe. Na Jumatano mleteni kliniki. Sasa wewe, Khadijo. Kerrow alikuwa ndugu yako. Umemlilia lini?"

Mama alisema chai imepoa. Akakunja shela yake, akaikunjua.

"Alikuwa akiwaimbia ngamia kisimani," akasema. "Sauti mbaya."

"Mbaya sana," Ramlo akasema. Wakacheka, kisha mama akalia.

Lori la Guled lilikwenda bila Ramlo. Usidhani mambo yalinyooka siku moja. Tuligombania saa za redio majuma matatu, nusura niitupe chooni nzima. Lakini kila jioni mama na Ramlo walikaa wawili, wakimtaja Kerrow. Jumatano tulikwenda kliniki. Mwalimu hajamrudisha tena. Sasa redio inafunguliwa magharibi, inazimwa baada ya sala ya isha, na Ramlo anaizima mwenyewe.

Jana mchana alilala ukumbini, nyumba kimya kabisa. Nilishika sufuria nioshe.

"Weka chini," mama alininong'oneza.

"Mama, ni vyombo vya tangu asubuhi."

"Vitangoja. Wewe huoni mtoto amelala?"

Nikaweka sufuria chini. Tukakaa.