Jina la Juu Kabisa

Waliomkuta amekufa ni watu wa gari la wagonjwa, na walichelewa kama kawaida yao.

Mlango wa ofisi ulikuwa wazi. Nyuma ya meza ya kioo, bwana aliyejulikana mjini kwa jina la Namba Moja alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, mikono yote miwili imeganda juu ya paja. Damu ilikuwa imetambaa hadi chini ya kabati. Simu yake ilikuwa mezani, mahali ambapo asingeifikia.

Inspekta alisimama kizingitini, mikono mifukoni. Alikuwa mwanamke asiyeshtuka ovyo, na maiti alishaona wengi. Lakini huyu alikaa kama mtu anayemngojea mgeni, na jambo hilo lilimkera rohoni.

Daktari wa polisi alisema jeraha ni moja tu, la kitu chembamba chenye makali, pengine patasi. "Hakufa papo hapo," akaongeza huku akivua glavu. "Angefungwa jeraha mapema, sasa hivi angekuwa kitandani analalamikia sindano."

Inspekta akamgeukia dereva wa gari la wagonjwa.

"Nani aliwaita?"

"Mwanamume, Afande. Alitumia simu ya marehemu."

"Alisemaje?"

"Aliuliza tuko umbali gani. Nikamjibu tuko karibu. Akacheka."

"Mlikuwa karibu?"

Dereva akatazama viatu vyake. "Karakana yetu iko ng'ambo ya pili ya mji."

Sajenti, kijana mwenye haraka, alikuwa amechuchumaa mlangoni. Tundu la kitasa lilijaa gundi kavu, na kitasa chenyewe kilikuwa kimefunguliwa na mtu anayejua kazi, bila mkwaruzo hata mmoja. Alama za vidole zilifutwa zote. Simu ya marehemu ilipofunguliwa, ilionyesha vitu viwili vilivyotafutwa asubuhi ile: kwanza fundi wa vitasa aliye karibu, kisha gari la wagonjwa lililo karibu. Namba ya fundi ilikuwa imezimwa, na laini imesajiliwa kwa jina la mtu asiyekuwepo duniani.

Kazi ya Namba Moja inabidi ielezwe, maana ndiyo iliyomuua. Zamani mwenye duka alihitaji kibao kikubwa barabarani. Siku hizi dunia nzima inatembea imeinamia kiganja. Mtu akitaka fundi, dawa au jeneza, anaiuliza simu, na kioo cha simu ni kidogo, na kidole gumba ni kivivu. Jina linalotokea juu ndilo linalobonyezwa. Wa chini hubaki kupiga miayo. Namba Moja aliwapandisha watu juu. Alinunua matangazo, alipanga maneno, na palipobidi kudanganya, alidanganya bila kupepesa macho.

Hayo yote Inspekta aliyapata kwa msaidizi wa ofisi, binti mwenye macho makavu ambaye Sajenti alishamtia hatiani moyoni mwake, kwa kuwa ndiye pekee mwenye ufunguo mwingine. Binti hakujitetea sana. Alikiri kwamba bosi wake hakuwa na utu, na kwamba alikuwa mbioni kuacha kazi. Asubuhi ya mauaji alikuwa kwa mteja, na mteja akathibitisha.

Kule kituoni Sajenti alilitafuta jina la yule fundi wa vitasa mpaka akachoka. Halikuwepo popote. Akasema labda lilishafutwa. Inspekta hakumbishia, ila alichukua funguo za gari wakarudi kwenye ofisi ya marehemu. Akasimama palepale mlangoni, akatoa simu yake mwenyewe, akaandika kwamba anatafuta fundi wa vitasa.

Jina likatokea. Juu kabisa.

Akavuka barabara, akapita duka la viatu, akaandika tena. Jina halipo. Akarudi; lipo.

Binti wa ofisi alipoonyeshwa, rangi ilimtoka usoni. Akaeleza kwamba tangazo huwekewa mipaka kwenye ramani: mwenye duka la mkate anaweza kulipia lionwe na walio mtaani kwake tu. Hili lilichorewa mduara mdogo, na katikati ya mduara ni mlango wa Namba Moja.

"Kwa nini bado lipo, na muuaji ameshakimbia?"

"Hajalizima. Mgeni wa mambo haya hudhani tangazo limo ndani ya simu yake. Akiitupa simu, anaona amemaliza. Lakini bado analipa, Afande, na anayelipa ana jina."

"Alijifunza haya kwa nani?"

"Bosi alikuwa na darasa la wafanyabiashara wadogo. Siku moja mzee mmoja alinyanyuka katikati ya somo, akatoka akitetemeka, tukadhani ni mgonjwa. Ni fundi wa vitasa."

Amri ya mahakama ilileta jina la mlipaji, nalo lilikuwa la mzee huyohuyo. Walimkuta kibandani kwake akichonga ufunguo wa mteja. Aliumaliza, akaupangusa kwa kitambaa, akampa mwenyewe, ndipo akanyoosha mikono apigwe pingu.

Katika chumba cha mahojiano hakuomba wakili wala maji.

"Unamjua marehemu, Mzee?"

"Namjua. Aliniulia mke."

Inspekta akamwacha aseme. Mkewe alikuwa na pumu. Siku moja ilimbana vibaya, na mzee akaiuliza simu gari la wagonjwa lililo karibu. Jina la juu lilimwambia gari liko mtaani kwake, linakuja.

"Zahanati ipo nyuma ya nyumba yangu, Afande. Ningembeba mgongoni nikafika. Lakini simu ilisema gari limekaribia, nikaogopa nisije nikapishana nalo. Nikakaa naye kizingitini. Kila nikipiga, wananiambia wapo karibu. Akafa ananitazama, na mimi namwambia subiri kidogo, mke wangu, wanakuja."

Inspekta alijifanya anapanga karatasi.

Miezi ikapita, wateja wakapungua, watu wakamshauri mzee akajifunze kujitangaza. Akaketi katika darasa la Namba Moja. Ndipo bwana yule alipowasha picha ukutani kujisifu kwa kazi yake bora: kampuni ya magari ya wagonjwa yenye karakana moja, aliyoipachika kwenye ramani ya kila mtaa ili kila simu iione kuwa ipo karibu. Darasa likapiga makofi.

"Nao walipiga makofi, Afande. Niliapa atakiona cha mtema kuni. Nikarudi wiki iliyofuata nikajifunza kila kitu."

"Ukaziba kitasa kwa gundi."

"Nikaziba. Akatafuta fundi, akaniita mwenyewe. Alibonyeza jina la juu, kama alivyotufundisha."

"Ulimchoma, kisha ukamwitia gari. Kwa nini?"

Mzee aliinua uso kwa mara ya kwanza. Hapakuwa na majuto hata chembe.

"Simu ilikuwa mkononi mwake, nikampokonya. Nikawatafuta walewale, mbele ya macho yake. Alipoona jina akalia kama mtoto. 'Hao usiwapigie, baba, hao wako mbali, hawafiki! Ita zahanati iliyo nyuma ya ofisi hapa!' Mke wangu hakuna aliyemwambia hivyo."

"Ukafanyaje?"

"Nikawapigia. Wakasema wapo karibu." Mzee akaiweka mikono yake yenye pingu mezani. "Nikavuta kiti, nikakaa naye, nikamwambia asubiri kidogo, wanakuja."