Mafuta ya Cherehani Kwenye Skrubu

Jumanne tarehe tisa, saa mbili na robo asubuhi, ndipo mambo yalipoharibika. Fundi redio aliwasha kompyuta kuukuu ya marehemu mkewe, ile ya kuchomekwa kwenye televisheni, akasubiri na chai mkononi. Kioo kikabaki cheusi.

Barua ya mwisho ya mkewe, aliyoiandika kwa kompyuta hiyo, ilihifadhiwa kwenye kaseti, na mashine nyingine nzima ya kuisoma haikuwepo mjini. Kurasa tatu. Miaka minne fundi alisoma mbili kila asubuhi, ya tatu akaiacha, ili mkewe abakiwe na la kumwambia.

Mshukiwa wa kwanza alikuwa umeme.

"Wakubwa wa umeme hao!" alinguruma. "Wanazima, wanawasha, kama wanachezea kibiriti. Baba yao mmoja na wale wa hospitali, waliomrudisha mke wangu nyumbani eti vitanda vimejaa."

Lakini fyuzi ilikuwa nzima, na kipimo chake kilionyesha volti tano kamili, zile mashine inazohitaji.

Saa tatu akamwita shemeji yake, mdogo wa marehemu, aliyepita pale jana.

"Uliigusa?"

"Mimi? Shemeji, mimi redio naiwasha kwa kofi! Ningeigusa hii ungekuta vipande."

Fundi akafungua kifuniko. Skrubu zilitoka kwa urahisi, vichwa vinang'aa mafuta mapya ya cherehani. Ndani, vumbi tele, isipokuwa juu ya chipu moja ya kumbukumbu. Kibonyeo cha kila chipu, ile alama ya kuonyesha upande wa kuipachika, kilitazama juu. Cha hii kilitazama chini. Ilichomolewa, ikarudishwa kinyume, na alipowasha ikaungua.

Nyumba ile, waliozoea kupaka skrubu mafuta ya cherehani kabla ya kuzikaza walikuwa watatu. Mmoja yuko kaburini. Wa pili ni yeye.

Saa kumi binti yake alipoingia, akamwekea chipu mezani.

"Nani kaigeuza hii, mwanangu?"

Binti akakaa kwanza.

"Mimi. Jana, ulipokwenda kwa mteja, nilisoma ukurasa wa tatu. Mama kakuomba jambo, baba. Miaka minne hujamtimizia, kwa sababu hutaki kusoma! Nami kila nikija naongea na kisogo chako, macho yako kwenye kioo hicho. Hasira zikanipanda, nikaichomoa. Kabla hujarudi nikajuta, nikairudisha haraka, bila kuangalia upande."

Fundi hakufoka. Alichomoa chipu kama ile kwenye mashine mbovu iliyokuwa uvunguni, akaipachika, kibonyeo juu. Skrubu akazipaka mafuta.

Kaseti ikalia dakika sita, mashine ikiisoma. Maandishi yakaja. Ukurasa wa kwanza. Wa pili. Kidole kikasimama juu ya kitufe.

"Baba," binti akanong'ona, "nikuambie alichokuomba, au utasoma mwenyewe?"