Wakoli Agundua Uwanja

Kila jioni baada ya masomo, Seline na wenzake walicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, kwenye uwanja mdogo kando ya reli katika mtaa wa Laini Saba. Zamani hapo palikuwa na dimbwi la maji machafu. Wasichana hao walizoa jivu kutoka kwa mama zao, wakaokota vigae vya chupa, wakafukia na kushindilia mpaka pakakauka. Hawakuwa na mahali pengine pa kuchezea.

Siku moja Wakoli, mvulana wa darasa lao la sita, alipita hapo akihema kwa kiu. Wakampa maji, wakamkaribisha mchezoni. Alicheza mpaka wote wakaenda nyumbani.

Kesho yake mwalimu alifundisha habari za mabaharia Wareno. Watu wazima na ndevu zao walifika Malindi njaa ikiwauma na fizi zimevimba. Wenyeji wakawalisha, wakawapa na mtu wa kuwaonyesha njia ya Bara Hindi, njia iliyokuwa ikipitwa na watu tangu zamani. Wageni wakasimika nguzo yenye msalaba, wakarudi kwao kujigamba kwamba wamegundua njia. Miaka michache baadaye wenzao walikuja pwani ileile na mizinga, wakaipora Mombasa na kuichoma moto. Shukrani gani hiyo! Darasa zima liliguna kwa dharau, isipokuwa Wakoli. Kichwa maji huyo alisikia habari ya nguzo tu.

Jioni wasichana walikuta ufito umesimikwa katikati ya uwanja, fulana kuukuu ikipepea juu yake. Wakoli alisimama kando, kifua mbele.

"Nimegundua hii uwanja," akatangaza. "Kuanzia leo ni yangu. Mkitaka kucheza, mniombe."

"Umegundua nini na sisi tuko hapa?" Seline akauliza. "Kwani sisi ni mawe?"

"Hata Malindi kulikuwa na watu. Enda usome kitabu!"

Seline alikasirika. Akaenda moja kwa moja nyumbani kwa kina Wakoli, naye Wakoli akamfuata mbio. Mama Wakoli alikuwa akiepua ugali, na kwa watu wa mkoa wa Magharibi kama yeye, mgeni haondoki bila kula.

"Karibu, mtoto wangu. Nawa mikono."

Seline akanawa, akala matonge mawili, akashukuru. Kisha akatoa rula yake ya shule, akaisimika katikati ya ugali.

"Mama, nimegundua hii ugali. Sasa ni yangu. Wakoli akitaka kula, aniombe."

"Ati nini?" Wakoli akaruka. "Mama, si ni yetu? Si ni wewe umepika?"

"Seline, hii ni tabia gani?" mama akafoka.

Seline akaeleza yote, machozi yakimlengalenga. Mama akamgeukia mwanawe.

"Ni ukweli?"

"Lakini mama, Wareno wamesifiwa."

"Walijisifu wenyewe. Simama twende."

Uwanjani, Wakoli aling'oa ufito wake mbele ya wote, akaomba msamaha kwa sauti ndogo. Wasichana walimsamehe, lakini kwanza wakamtaka akazoe jivu la kufukia shimo lililoachwa na ufito.

"Na usikie vizuri," mama akamwambia. "Mtu akikupokea na njaa yako, akakulisha, halafu useme kwake ni kwako, wewe si shujaa. Wewe ni mwizi ameshiba."