Wembe wa Mzee Posta

Kila asubuhi, nyumba ya seremala mmoja iliamka kwa sauti ileile. Chwa, chwa, chwa. Ni baba yake, akipitisha wembe kwenye mkanda wa ngozi uliotundikwa mlangoni. Mzee huyo alipeleka barua kwa miaka thelathini na minne, na mpaka leo watu humwita Mzee Posta. Alinyoa ndevu kila siku kwa wembe wa kukunja, ule mrefu wenye mpini.

Siku moja sauti ile ikanyamaza.

Uzee una mambo yake. Mikono ya mzee ilikuwa imeanza kutetemeka, na asubuhi hiyo alijikata shavuni. Aliufuta wembe, akaukunja, akaufungia kabatini. Wiki tatu zikapita. Ndevu zikaota ovyo. Mzee akaacha kutoka nje, na hata chakula akataka kuletewa chumbani.

"Baba, Jumamosi wenzako wa posta wanakutana," alisema mkwewe, mke wa seremala. "Hutaenda?"

"Niende na uso huu? Hata mbwa walionikimbiza zamani hawatanijua."

Ulikuwa mzaha, lakini mzee hakucheka. Mwanawe, yule seremala ambaye mtaa mzima ulimwita Randa, aliumia moyoni.

"Nikupeleke kwa kinyozi, baba?"

"Uso wangu haushikwi na mgeni."

"Basi nitakunyoa mimi."

Mzee alimtazama. "Wewe unajua mbao, mwanangu."

Hakukubali, lakini pia hakukataa. Kwa mzee yule, hiyo ni nusu ya ndiyo.

Randa akajiona ameshafika. Fundi anayenoa patasi kila siku ashindwe na kiwembe? Akautoa wembe kabatini. Akausukuma kwenye mkanda, makali yakiwa mbele, kama anavyosukuma patasi kwenye jiwe la kunolea. Kufumba na kufumbua, ngozi ya mkanda ikakatika ukingoni.

Baba yake alikuwa na mkanda ule tangu kabla yeye hajazaliwa. Akaukunja haraka, akauficha chini ya shati, akaenda mbio kwa jirani yao kinyozi. Mama huyo hakuishiwa povu la sabuni mikononi, kwa hiyo watu walimwita Mama Povu.

"Mama, nimeharibu," alisema Randa.

Mama Povu aliutazama mkanda, kisha akacheka mpaka akashika kiuno. "Hili ni kosa la seremala! Kwenye jiwe makali hutangulia. Kwenye ngozi, mgongo wa wembe ndio hutangulia, makali yanafuata nyuma. Ukifika mwisho, ugeuze juu ya mgongo wake, urudi. Na usikandamize."

"Na mkanda wa mzee?"

"Mkato ni mdogo. Una msasa laini? Sugua hapo taratibu."

Randa alishusha pumzi. Msasa ndio kazi yake.

"Sasa niambie," Mama Povu aliendelea. "Mzee anatumia dawa inayofanya damu ichelewe kuganda?"

"Hapana. Daktari amempima. Amesema ni mikono tu inayotetemeka."

"Vizuri. Angekuwa anaitumia, mngemuuliza daktari kwanza. Wembe si wa kuchezea."

Kisha akapuliza puto, akalipaka povu, akampa. "Huyu ndiye mzee wako kwa leo. Mnyoe."

Wembe wa kujifunzia ulikuwa wa Mama Povu. Ulitiwa kipande kipya cha makali kwa kila mtu, na baadaye kikatupwa. "Wembe wa baba yako ni wa baba yako peke yake," alisema. "Damu kidogo tu yaweza kubeba ugonjwa."

Puto la kwanza lilipasuka. La pili nalo. Povu likamrukia Randa mpaka nyusi.

"Unasukuma kama unapiga randa!" alisema Mama Povu. "Mkono mwepesi. Ulaze wembe bapa, kisha inua mgongo kidogo, kiasi cha kidole cha mwisho kupita chini yake. Vuta kwa hatua fupi. Mkono wa pili unyooshe ngozi. Fuata ndevu zinakolala, usizipinge. Na wembe usiende pembeni kama msumeno, utakata."

Jumanne maputo sita yalikufa. Jumatano lilikufa moja. Alhamisi halikufa hata moja, na Randa akanyoa mashavu yake mwenyewe mbele ya kioo. Ijumaa akamaliza kidevu na shingo, Mama Povu akiwa amesimama karibu.

Jumamosi asubuhi, nyumba ikasikia tena. Chwa, chwa, chwa. Mzee alitoka chumbani bila kuitwa, akaketi kwenye kiti karibu na dirisha. Aliuona mkanda uliosuguliwa ukingoni. Akaegemea kiti.

Randa alinawa mikono kwa sabuni. Akaufunika uso wa baba yake kwa taulo lililoloweshwa maji ya moto kiasi, mpaka ndevu zikalainika. Akapaka povu. Kisha akashika kidevu cha mzee kwa vidole viwili, na hapo akakumbuka. Hivi ndivyo baba alivyomshika kidevu zamani, akimnawisha uso kabla ya shule.

"Usiongee, baba."

"Sijaongea."

"Umeongea sasa hivi."

Shavu la kulia likaisha, kisha la kushoto. Shingoni Randa alikwenda polepole sana. Chini ya mdomo wembe ukagusa, tone la damu likatoka. Lakini Mama Povu alikuwa amemfundisha: alisafisha kwa maji, akakandamiza kitambaa safi mpaka damu ikakoma, akabandika plasta ndogo.

Mzee alichukua kioo. Kilitetemeka mkononi, Randa akakishika pamoja naye. Mzee alijitazama, akaigusa plasta.

"Umebandika stempu," alisema. "Basi barua iende."

Mkwewe alicheka mpaka machozi. Mzee akavaa viatu. Mlangoni alisimama, akapitisha kiganja shavuni, juu na chini. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nilidhani uso huu sitauona tena. Asante, mwanangu. Asante sana."

Siku hiyo Randa alimpelekea Mama Povu kigoda kipya alichokitengeneza kwa mikono yake, ili naye apumzishe miguu.

Jumapili Randa aliamka alfajiri. Alimkuta mzee tayari kwenye kiti, taulo shingoni, amefumba macho, na kidevu amekiinua juu.