Kalista na Fundo la Matete

Sogeeni karibu. Hadithi hii ina maji mengi, na mahali pengine inatisha. Shikaneni mikono.

Kalista alikuwa msichana mdogo wa bonde la Kilombero. Mvua zilipoisha, familia yake ilihamia kambini kuvua samaki, ndani kabisa ya msitu wa maji.

Walikwenda kwa mitumbwi miwili. Baba na Kalista walitangulia na nyavu. Mama alifuata na unga, na sufuria, na mtoto Fidelis mgongoni.

Mama alipiga kafi polepole, asimwamshe Fidelis. Punde si punde akaachwa nyuma ya matete.

Chwa, chwa, likasema kafi la Kalista. Chwa, chwa.

Msituni humo maji yana njia nyingi, na zote zinafanana kama mapacha. Basi kila maji yanapogawanyika, anayetangulia hufunga fundo la matete. Anayefuata hulitazama.

Fundo kulia, pita kulia.
Fundo kushoto, pita kushoto.

Njia panda ya kwanza, Baba alifunga kushoto. Ya pili, akafunga kulia.

Njia panda ya tatu, magugu yalikuwa yameziba maji. Baba alikuwa anayasukuma kwa upondo, ule mti mrefu wa kuendeshea mtumbwi. Akamwambia Kalista afunge yeye, upande wa kulia.

Kalista akavimba kichwa. Leo yeye ndiye mkubwa.

Lakini matete ya kulia yalikuwa makali. Yakamkata kidole. Ya kushoto yalikuwa laini.

"Fundo ni fundo tu," akajiambia. Akafunga kushoto. Lilikuwa fundo zuri sana.

Baba hakuliona. Wakapita kulia.

Fundo kulia, pita kulia.
Fundo kushoto, pita kushoto.

Ninyi mmeshaona, sivyo? Kalista hakuona.

Kambini Baba alijenga kibanda cha nyasi, akawasha moto. Wakangoja. Jua likainama. Mama hakufika.

Baba akakaa. Akasimama. Akakaa tena. Akasema Mama anayajua mafundo kuliko yeye, hawezi kupotea. Ile njia mbaya ni ya kushoto, kwenye njia panda ya tatu, kwenye viboko. Mama hawezi kupita huko.

Moyo wa Kalista ukadunda. Du, du, du. Kiboko mwenye hasira huvunja mtumbwi kama kibuyu. Kalista alijua, kila mtoto wa Kilombero anajua.

Aliogopa kusema. Aliogopa kunyamaza.

"Baba," akasema, "nilifunga kushoto."

Baba hakumgombeza. Alichukua upondo, akamwambia apande mtumbwini. Uso wake ulikuwa umebadilika, na Kalista aliona heri angegombezwa.

Wakarudi mbio. Chwa, chwa, chwa, chwa.

Njia panda ya tatu, fundo lilikuwepo, zuri vilevile. Kalista akalichukia.

Wakaingia kushoto. Miti ilikuwa mikubwa na maji meusi. Baba akawa anagonga ubavu wa mtumbwi, ko, ko, ko, ili viboko wasikie mtu anakuja, wasishtuke.

Kwanza waliona sufuria, inaelea peke yake.

Kisha wakauona mtumbwi wa Mama. Ulikuwa umepinduka. Ubavu wake ulikuwa umevunjika.

Baba akaita, "Mama Kalista." Akaita mara moja tu, akarudi kugonga mtumbwi.

Basi Kalista akaita. Aliita huku analia.

"Mama, ni mimi. Mimi ndiye niliyefunga vibaya. Mama, itika."

Maji kimya. Ko, ko, ko.

"Mama, itika."

Maji kimya. Ko, ko, ko.

"Mama, itika."

Nyaa.

Nyaa, nyaa.

Alikuwa Fidelis, analia juu mtini.

Mama alikuwa amekumbatia tawi la mkuyu, amelowa chapachapa. Fidelis alikuwa bado mgongoni, amefungwa kwa kanga. Kiboko alikuwa ameupiga mtumbwi, Mama akaogelea, akapanda. Mguu wake ulikuwa unatoka damu.

Baba akawashusha mmoja mmoja. Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke.

Jioni hiyo walikula samaki bila ugali, maana unga wote ulimezwa na mto. Baba akaufunga mguu wa Mama kwa kitambaa.

Kalista akajilaza pembeni kabisa ya mkeka, mbali na wengine. Akauliza kwa sauti ndogo kama Mama amemkasirikia.

"Nilikasirika sana," Mama akanong'ona. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Niliita mpaka sauti ikaisha. Mikono ikaanza kuchoka. Halafu nikakusikia unaniita, na mimi siwezi kuitika. Ikabidi nimfinye Fidelis alie."

Kalista akainuka kumtazama mdogo wake. Kweli, pajani palikuwa na alama nyekundu.

"Bado nimekasirika kidogo," Mama akasema. "Njoo ulale hapa."

Kalista akatambaa mpaka katikati, kati ya Mama na Fidelis. Akalipuliza lile paja taratibu.

Puu, puu.

Fidelis akalala. Mama akalala.

Puu, akapuliza Kalista, mara moja tena. Naye akalala.